Terminali kwenye simu: nilichopata, na faili nilizopoteza njiani

Kazi iliyonipeleka huko ilikuwa ndogo lakini ya kuchosha. Nilikuwa na picha 412 za kurasa za daftari, nilizozipiga kwa simu ukurasa kwa ukurasa, na kila picha ilikuwa na megabaiti nne au tano. Aliyekuwa akizisubiri alitaka faili moja tu ya PDF, nyepesi. Nilijaribu programu tatu za kupunguza picha. Ya kwanza ilikubali picha kumi kwa mkupuo. Ya pili ilinionyesha tangazo kila baada ya picha. Ya tatu ilifanya kazi bila kelele mpaka mwisho, halafu nikakuta imegonga jina lake katikati ya kila ukurasa kama muhuri.

Rafiki yangu mmoja anayeshughulika na seva, kompyuta za mbali zinazoendesha tovuti, alinisikia nikilalamika, akacheka. "Hiyo ni kazi ya mstari mmoja." Nikamwambia sina kompyuta. Akasema niliyoishika mkononi ni nini basi?

Aliniambia niweke Termux. Ni programu ya Android inayokupa terminali, yaani mahali pa kuiongoza mashine kwa kuandika amri, pamoja na mazingira ya mfumo wa Linux ndani ya simu, bila kuhitaji kuruti simu yenyewe (kufungua kufuli za mfumo wake). Ukiifungua unakutana na kioo cheusi, alama ya dola na kishale. Hakuna kitufe wala menyu. Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyepelekwa kwenye chumba kitupu na kuambiwa apike.

Kosa la kwanza nilikuwa nimeshalifanya kabla ya kuandika amri yoyote. Nilichukua toleo la kwanza nililokutana nalo, nalo lilikuwa limeachwa siku nyingi bila kusasishwa. Kila nilipotaka kusakinisha kitu lilijibu kwamba hazina ya vifurushi haipatikani. Nikaulaumu mtandao. Nikazima simu na kuiwasha. Nikabadilisha laini. Sababu niliielewa baadaye sana: tangu Android 10, programu inayolenga toleo hilo au la mbele yake hairuhusiwi kuendesha faili tekelezi (faili za programu) zilizomo kwenye eneo lake yenyewe la kuandikia, na Termux inaishi kwa kufanya jambo hilohilo. Ndiyo maana toleo lile liliachwa, na waundaji wake huwaelekeza watu F-Droid, duka la programu huria, au GitHub, tovuti ambako wasanidi huweka kazi zao. Nilipochukua toleo la huko, `pkg update`, amri ya kusasisha vifurushi, ikapita mara moja, na siku mbili zangu zilizopotea hazikurudi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. `pkg install imagemagick` ilileta chombo cha kuchezea picha. `termux-setup-storage` iliomba ruhusa ya hifadhi, ikatengeneza folda iitwayo storage yenye njia za kufikia picha na vitu nilivyopakua. Rafiki yangu alinionya kwamba amri ya `mogrify` haitengenezi nakala, inaandika juu ya picha yenyewe, kwa hiyo nikazinakili picha zote kwenye folda ya pembeni kwanza. Kisha:

`mogrify -resize 1600x1600 -quality 75 *.jpg`

Nikabonyeza Enter. Simu ikapata joto mkononi, kishale kikatulia, na baada ya muda alama ya dola ikarudi. Hakuna tangazo, hakuna pongezi. Nilifungua folda nikiwa na wasiwasi, nikakuta picha zote 412 zimekuwa nyepesi na bado zinasomeka. Hapo ndipo nilipoelewa ile nyota iliyo kwenye amri, mbele ya .jpg. Kwenye programu za vitufe nilikuwa nachagua picha moja moja; hapa nilisema "zote zinazoishia na .jpg" nikakaa pembeni.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipotaka kuziunganisha kuwa PDF. Nilimpa ImageMagick picha zote kwa pamoja, na kabla hajamaliza kikao kizima kikakatika, kioo kikabaki na mstari huu: `[Process completed (signal 9) - press Enter]`. Nimeuona mstari huo mara nyingi tangu siku ile, na sasa nausoma kama mtu anavyosoma mawingu. Ishara ya tisa ni ile ya kuua mchakato, yaani programu inayokimbia, bila kuusikiliza. Sababu moja ni kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM): picha ya JPEG ni ndogo ikiwa imekunjwa, lakini ili ifanyiwe kazi lazima ikunjuliwe yote, na ikikunjuliwa huwa kubwa mara nyingi zaidi. Mamia yakikunjuliwa kwa wakati mmoja, simu inazidiwa. Sababu nyingine ni ya mfumo wenyewe. Kuanzia Android 12, michakato midogo inayozaliwa na programu, iitwayo watoto, huhesabiwa, na ikizidi 32 kwa simu nzima, au ikila prosesa kupita kiasi ikiwa nyuma ya pazia, huuawa. Kwa programu za kawaida huo ni ulinzi mzuri wa betri. Kwa terminali, ambayo kazi yake ni kuzaa watoto, ni balaa. Kwenye Android 14 kuna swichi ya kuzima kizuizi hicho ndani ya mipangilio ya wasanidi.

Mimi nilitatua kwa njia ya kizamani. Niligawa picha katika mafungu ya 50, nikapata PDF tisa, nikaziunganisha kwa `pdfunite`. Niliituma jioni ileile.

Kuandika amri kwa vidole gumba ni shughuli inayotaka kuzoewa, na ushauri mwingi unaotolewa ni wa watu wenye kibodi mezani. Kibodi ya simu imefundishwa kuandika barua kwa shangazi. Inataka kuanza kila kitu kwa herufi kubwa, ilhali `ls` ni amri ya kuorodhesha faili na `Ls` ni kitu kingine. Ukigonga nafasi mara mbili inaweka nukta. Rafiki yangu alinitumia amri kwa ujumbe wa kawaida, nikainakili na kuibandika, ikakataa. Nilihangaika nayo saa nzima kabla ya kugundua kwamba njiani vistari viwili vilikuwa vimegeuzwa kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za kunukuu zilizonyooka zimekuwa zile za kujipinda. Kwa jicho huoni tofauti. Terminali inaiona.

Nilichojifunza ni kuandika kidogo iwezekanavyo. Kitufe cha Tab humalizia jina la faili ukishaandika herufi mbili tatu. Mshale wa juu hurudisha amri iliyopita. Ctrl na R hutafuta amri ya wiki iliyopita. Na kama kibodi yako haina Ctrl, Termux imekipa kitufe cha kupunguza sauti kazi hiyo: ukikishika pamoja na herufi C unasimamisha amri inayokimbia. Kitufe cha kuongeza sauti pamoja na E ni Esc, pamoja na T ni Tab. Anayenitazama hudhani nashindana na muziki usiosikika.

Kioo nacho kina mambo yake. Terminali ya VT100, iliyotoka 1978, ilikuwa na safu 80 za herufi kwa mistari 24, na mpaka leo programu nyingi za terminali zinachukulia kwamba una upana huo. Simu ikishikwa wima hupati hata safu 60 kwa herufi zinazosomeka. Majedwali yanavunjika, mistari inapanda juu ya mingine. Unaweza kubana kioo kwa vidole viwili ili herufi ziwe ndogo, lakini macho yana mpaka. Nikilazimika kuhariri faili ndefu naigeuza simu ikalala, nafungua nano, kihariri cha ndani ya terminali, nafanya nililokuja kufanya, natoka. Nimewahi kujaribu kuandika programu nzima kwa gumba. Sipendekezi. Kibodi ndogo ya Bluetooth ilibadilisha kila kitu, ingawa ukiwa nayo umeshaanza kubeba kompyuta kwa vipandevipande.

Sasa nije kwenye nyota.

Chini ya kioo cha Termux kuna safu ya vitufe vya ziada. Ukiitelezesha kando, mahali pake panatokea kisanduku cha kuandikia, na ndani ya kisanduku hicho kibodi inarudia tabia zake zote: inakisia maneno, inasahihisha. Nilikipenda kwa sababu ya uvivu. Kina utaratibu mmoja mzuri: Enter ya kwanza hupeleka maneno kwenye mstari wa amri bila kuyatekeleza, na Enter ya pili ndiyo inayotekeleza. Maana yake unapewa nafasi ya kusoma ulichoandika.

Nilikuwa na folda kadhaa za majaribio: zamani1, zamani2, zamani-picha. Nilitaka kuzifuta zote kwa `rm -r zamani*`. Nikaandika herufi nne za kwanza, kibodi ikanikisia "zamani", nikaligonga neno hilo, nikaongeza nyota, nikabonyeza Enter mara mbili kwa mazoea. Kila anayetumia kibodi ya kukisia anajua inachofanya ukishagonga neno: inaweka nafasi mbele yake. Kilichokwenda kwenye mstari wa amri ni `rm -r zamani *`. Futa kitu kiitwacho zamani, na futa kila kitu.

Terminali ilinijibu kwa ustaarabu kwamba hakuna faili iitwayo zamani. Vingine vyote haikuvisemea, kwa kuwa ilikuwa imeshavifuta.

Terminali haina pipa la taka. Nilikaa na simu mkononi nikiandika `ls` mara tatu kana kwamba ya tatu ingeleta habari tofauti. Zilikwenda skripti kumi na nne, faili za amri zilizopangwa, nilizoziandika kwa miezi, na folda ya maelezo niliyokuwa nakusanya. Moyo uliniruka zaidi nilipokumbuka kwamba folda ya storage nayo ilikuwamo humo, kwenye folda ya nyumbani ya Termux, na ndani yake zimo picha zangu zote.

Picha zilisalimika. Vilivyomo kwenye storage ni viungo tu, na `rm` ikikutana na kiungo hukifuta kiungo chenyewe bila kukifuata kule kinakoelekea. Ni kama kung'oa kibao cha barabarani; mji unaoelekezwa unabaki ulipo. Niliendesha `termux-setup-storage` tena na viungo vikarudi. Faili zinazoanza na nukta nazo zilibaki, kwa sababu nyota haizigusi, na miongoni mwake ilikuwa .bash_history, inayotunza amri ulizowahi kuandika. Humo nilikuta amri zangu ndefu za zamani, nikazikusanya upya moja moja kama mtu anayeokota shanga. Skripti sita zilifufuka. Maelezo hayakurudi.

Tangu hapo siandiki `rm` yenye nyota kwa mara ya kwanza. Naandika `ls zamani*`, nasoma orodha, kisha narudisha mstari uleule kwa mshale wa juu na kubadilisha `ls` kuwa `rm -r`. Kwenye .bashrc, faili ya mipangilio inayosomwa terminali ikifunguka, niliongeza pia `alias rm='rm -I'`, ambayo huuliza mara moja tu unapofuta vitu zaidi ya vitatu au folda nzima, na kukutajia idadi. Kama siku ile ingeniuliza "vitu ishirini na moja?", ningeshtuka.

Nilifanya pia jambo ambalo kila aliyepoteza faili hulifanya kwa wiki mbili za kwanza: nakala ya akiba. Nilifunga kila kitu kwa `tar` katika faili moja, nikaiita akiba.tar.gz, nikaiweka kwenye folda ya nyumbani ya Termux. Unaona tatizo? Mimi sikuliona.

Miezi michache baadaye nilitaka Termux:API, nyongeza inayoiwezesha terminali kugusa vitu vya simu: betri, mtetemo, ubao wa kunakilia. Nikaipata mahali tofauti na nilipochukua Termux yenyewe, na simu ikakataa kuisakinisha. Programu hizi zinatakiwa ziwe zimetiwa saini kwa ufunguo mmoja, na kila chanzo kina ufunguo wake. Nikasema si tabu, nitaondoa Termux, nichukue zote mbili kutoka chanzo kimoja. Nikaiondoa. Folda ya nyumbani iko `/data/data/com.termux/files/home`, yaani ndani ya tumbo la programu, na Android ikiondoa programu inaondoa na tumbo lake. Akiba yangu iliungua pamoja na nyumba iliyokuwa inailinda.

Hili ndilo ambalo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza, kabla hata ya `ls`. Ukitoka kwenye kompyuta unadhani faili zako zipo "kwenye mashine". Kwenye simu zipo kwenye programu. Kilicho kwenye storage/shared kinabaki programu ikiondoka; kilicho nyumbani hakibaki. Lakini usikimbilie kuhamishia kila kitu kule. Hifadhi ya pamoja haikubali ruhusa ya kuendesha faili, na nilipoteza jioni nzima nikiandika `chmod +x`, amri ya kutoa ruhusa hiyo, kwa skripti iliyokuwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, bila amri kulalamika na bila chochote kubadilika. Kwa hiyo skripti zinakaa nyumbani, akiba inakaa nje, na zile ninazozijali zaidi nazisukuma kwa git, chombo cha kutunza matoleo ya faili, kwenda kwenye mashine nyingine kabisa.

Matumizi yaliyonifanya nisiiache simu hii ni seva. Kikundi ninachokisaidia kina tovuti ndogo. Siku moja nikiwa safarini, nimesimama na mkoba begani, nikaambiwa tovuti haifunguki. Nikaingia kwenye seva kwa `ssh`, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, nikaandika `df -h`, nikaona diski imejaa asilimia mia. Faili ambamo mfumo huandika matukio yake (log) zilikuwa zimevimba. `journalctl --vacuum-size=200M` ikapunguza, huduma nikaianzisha upya, tovuti ikarudi. Amri nne, zote fupi. Kazi ya namna hii, ya kuangalia na kugusa mahali pamoja, inafaa simu kuliko kazi nyingine yoyote niliyowahi kuijaribu.

Shida ya `ssh` kwenye simu ni kwamba mtandao unabadilika kila unapopiga hatua. Ukitoka kwenye Wi-Fi kuingia data, kikao kinakatika, na ulichokuwa unaendesha kinaweza kufa nacho. Dawa yake ni tmux, programu inayoshikilia vikao, upande wa seva: unaanzisha kazi ndani yake, mtandao ukikatika kazi inaendelea, ukirudi unaandika `tmux attach` na kukuta kila kitu ulivyokiacha. Kuna na mosh, mbadala wa ssh inayotumia UDP, njia ya mawasiliano isiyodai muunganisho wa kudumu, na kuvumilia anwani ya simu kubadilika. Ufunguo wangu wa ssh nimeuwekea nenosiri, kwa sababu simu ni kitu kinachoibiwa na kusahaulika kwenye viti.

Kuna jambo la pembeni linaloniudhi. Vijana wengi huletwa Termux na video zinazoahidi udukuzi: nakili mstari huu, bandika, utaingia kwenye akaunti ya mtu. Mstari wenyewe mara nyingi ni `curl` inayopakua skripti na kuimwaga moja kwa moja kwenye `bash`, programu inayotekeleza amri, bila mtu kuisoma. Anayeibiwa hapo ni aliyebandika. Ukishairuhusu terminali kufikia hifadhi, skripti yoyote unayoiendesha inaona picha zako. Ukiiruhusu SMS kupitia Termux:API, inaona na namba za siri zinazotumwa kwako. Ruhusa ya SMS mimi sijaitoa hadi leo. Na skripti ya mgeni naipakua kwanza, naifungua kwa `less` niisome, na nisipoielewa naifuta.

Wenye iPhone huniuliza kama wanaweza. Zipo iSH na a-Shell, programu za terminali za iPhone, nimezigusa kidogo kwenye simu ya mwenzangu; iSH inaiga prosesa nyingine ili kuendesha Alpine Linux, aina ndogo ya Linux, na ukaidi wake unaonekana kazi ikiwa nzito. Kwa upande wa Android, mwaka 2025 simu za Pixel zilianza kupata terminali ya mfumo wenyewe inayoendesha Debian, aina nyingine ya Linux, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya simu). Kwa yangu bado ni Termux.

Siku hizi siifungui mara nyingi kama zamani, kwa sababu vingi nimevigeuza kuwa skripti fupi. Zote zinaanza na mstari wa aina moja, `cd folda-fulani || exit`, maana bila hiyo `exit`, folda isipopatikana amri zinazofuata hutekelezwa palepale ulipokuwa, na nimeshaeleza nyota inavyoweza kufanya. Iliyotumika kuliko zote ina mistari minne: inaingia kwenye folda iitwayo kutuma, inapunguza picha zilizomo na kuweka nakala kwenye folda tayari kwa `mogrify -path ../tayari` ili za asili zisiguswe, inatetemesha simu, basi. Nimeiweka ndani ya `.shortcuts/tasks`, na kwa Termux:Widget, nyongeza nyingine ya Termux, imekuwa kitufe kwenye kioo cha mbele kinachofanya kazi kimyakimya, bila terminali kufunguka.

Dada yangu alikiona kitufe hicho akakitaka. Nikamwekea Termux na nyongeza zake, zote kutoka chanzo kimoja safari hii, nikamnakilia skripti. Anakitumia karibu kila siku kwa picha za kazi yake. Kioo cheusi hajawahi kukiona. Juzi aliniuliza ile programu inaitwaje, kuna mwenzake anaitafuta na haioni. Nikamwambia haina jina, ni mistari minne tu niliyoiandika.

"Basi mwandikie na yeye," akasema.